Gavana mwanajeshi? Namleta mmoja tumpime

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wa barua. Nasema kidogo, lakini mzee akishika kalamu ni kama mzee aliyeshika kikombe cha kahawa, haondoki upesi. Mkasi uko kwako.

Wiki iliyopita msomaji wako mmoja wa Changamwe aliandika kwamba ugavana umewashinda mawakili, wafanyabiashara na watoto wa wakubwa, na kwamba 2027 tutafute mtu aliyevaa magwanda na kunusa baruti, maana askari haogopi na askari haibi. Barua ile ilisomwa kwa sauti barazani kwetu Kibokoni, baina ya magharibi na isha. Muuza kahawa alisahau kuzungusha vikombe. Vijana wakapiga makofi, na mmoja wao, ambaye juzi tu alikuwa akiwalaani askari waliouchukua mkokoteni wake wa machungwa, akasema hiyo ndiyo dawa.

Nikanyamaza kwanza. Kisha nikawaambia: gavana aliyetoka jeshini namjua mmoja, William Moultrie wa South Carolina, Marekani, na nimesimama mbele ya kaburi lake. Wakacheka, wakidhani naanza zile hadithi zangu za melini. Ni kweli, ya melini. Lakini habari zenyewe zimo vitabuni, na mjukuu wangu amenisaidia kuhakikisha miaka na hesabu ili nisije nikaumbuka mbele ya wasomaji wako.

Mwaka 1983 nilikuwa mpishi wa pili katika meli ya shehena. Tukatia nanga Charleston, bandari ya jimbo la South Carolina, Marekani. Asubuhi nilitoka jikoni kwenda kumwaga maji ya mchele, nikainua macho, nikaona bendera ya buluu iliyoiva ikipepea juu ya jengo moja la pwani. Katikati yake mti mweupe wa jamii ya mnazi, na juu pembeni mwezi mwandamo. Wallahi niliduwaa na sufuria mkononi. Serahangi wetu, yaani mkuu wa mabaharia wa sitahani, Mngazija, alipoiona akaapa kwamba mji ule una sultani na kwamba Ijumaa hatutakosa msikiti.

Hapakuwa na sultani. Aliyetufumbua macho ni mzee mmoja Mmarekani mweusi aliyeendesha gari la nyumba ya mabaharia, mtu mpole, kofia yake ya majani haimtoki kichwani. Alituambia mwezi ule si wa Waislamu, ni nembo iliyokuwa kwenye kofia za askari wa kikosi cha South Carolina. Mwaka 1775 kanali mmoja, ndiye huyo William Moultrie, alitakiwa atengeneze bendera ya kupeana ishara. Akachukua buluu ya sare za askari wake na ule mwezi wa kofia zao, basi. Mti uliongezwa baadaye sana, 1861, na umewekwa kwa sababu ya siku moja tu. Nikamwambia mzee yule, hebu nipeleke penye siku hiyo.

Akanivusha hadi kisiwa cha Sullivan, mlangoni mwa bandari, mahali ambapo kwetu ungesema ni Ras Serani, pale meli zinapopinda kuingia ndani. Kuna ngome pale. Mimi mtoto wa kivuli cha Fort Jesus nilitarajia kuona mawe. Nikaona matofali. Nikauliza: na yale magogo uliyonisimulia njiani yako wapi? Akacheka. Magogo yalikwisha zamani, akasema. Ngome ya kwanza ilioza ikaliwa na bahari, ya pili ikachukuliwa na kimbunga cha 1804, hii ya matofali ni ya 1809. Nilisononeka kidogo. Nilikuwa nimekuja kuona magogo.

Maana kisa chote kimo kwenye magogo hayo, Mhariri, nisameheni nikikaa hapo kidogo.

Mwanzoni mwa 1776 Moultrie alikabidhiwa kujenga ngome ya kuuzuia mlango ule, kwa kuwa Wamarekani walikuwa wameuasi utawala wa mfalme wa Uingereza, na Waingereza walikuwa njiani. Mawe hakuna kisiwani. Mti uliokuwako kwa wingi ni ule wa kwenye bendera, ambao majani yake hayafanani na kuti la mnazi, yamekunjuka kama kipepeo cha kupepea moto, mithili ya mkoma wetu, lakini shina lake ni la aina ileile. Wakajenga kuta mbili za magogo, baina yake futi 16, wakashindilia mchanga katikati. Wajuzi wa vita walipoiona walitikisa kichwa. Jenerali Charles Lee, aliyetumwa na bunge la makoloni yaliyoasi, alisema ni machinjio, akataka ngome ihamwe. Nahodha mmoja wa meli alimwambia Moultrie kwamba manowari zikitia nanga mbele yake zitaibomoa kwa nusu saa. Moultrie akamjibu kwamba wakibomolewa watalala nyuma ya kifusi na kuwazuia adui wasishuke. Na rais wa South Carolina wa wakati ule, John Rutledge, alimwandikia Moultrie kwamba asihame bila amri yake yeye, na kwamba ataukata mkono wake kabla haujaandika amri hiyo.

Sasa mtu wa bara anaweza kushangaa gogo la mti litazuia nini. Mtu wa pwani hashangai. Marehemu baba alikuwa na shamba la minazi Mtwapa, na mnazi ukiangushwa na kusi sisi watoto tulipewa shoka tuukate vipande vya kuvukia mtaro. Ukipiga mti mgumu, unapasuka na vipande vinakurukia machoni. Mnazi haupasuki. Shoka linazama, linatoa sauti ya kichovu kama umepiga godoro, halafu linakwama. Unalivuta kwa mguu juu ya gogo, linatoka na nyuzi kama makumbi, na lile jeraha linajifumba. Mchana mzima mnapokezana na gogo bado linawatazama.

Hicho ndicho kilichowapata Waingereza tarehe 28 Juni 1776. Manowari tisa za Sir Peter Parker, mizinga zaidi ya 200, dhidi ya mizinga 31 ya ngomeni. Zilianza kupiga kiasi cha saa tano mchana zikaacha saa tatu na ushei usiku. Matufe ya chuma yakazama kwenye magogo na mchanga yakatulia humo humo. Mabomu ya kurushwa juu yaliangukia katikati ya ngome, palipokuwa na tope la kinamasi, yakazimika yakiguna. Ngomeni baruti ilikuwa haba, hivyo Moultrie hakuruhusu pupa: kila mzinga unalengwa, moshi unangojwa upungue, ndipo unapigwa. Jeshi la ngomeni lilipoteza watu 12 na majeruhi kama 25. Waingereza waliouawa na kujeruhiwa ni zaidi ya 200, na Sir Peter mwenyewe alichaniwa suruali na mlipuko, jambo ambalo vijana wa baraza waliniomba nilirudie mara tatu.

Lakini mimi mtu wa bahari kilichonifurahisha zaidi ni maji. Waingereza walikuwa wamewashusha askari zaidi ya 2,000 kwenye kisiwa cha jirani, chini ya Jenerali Clinton, ili wavuke kwa miguu maji yakipwa waivamie ngome kwa nyuma, upande ambao haukuwa umekamilika. Waliambiwa mlango ule maji yakipwa ni ya magotini, inchi 18. Walipofika wakakuta futi saba. Wakasimama ufukweni siku nzima na bunduki zao wakitazama vita kama watu wanaongoja feri. Manowari tatu kati ya zile tisa zilizotumwa kuzunguka upande huo huo usiokamilika zilipanda fungu la mchanga, na moja, Actaeon, haikunasuka. Asubuhi mabaharia wake wakaitia moto wenyewe. Jeshi la majini kubwa kabisa la ulimwengu, na hawakuuliza mvuvi! Mvuvi yeyote wa Mtongwe angewaambia bamvua ni lini na maji mafu ni lini, tena kwa bei ya kikombe cha chai.

Moultrie naye alikuwa akifanya nini? Alikuwa akivuta kiko. Ameyaandika mwenyewe katika kumbukumbu zake, zilizotoka 1802 katika vitabu viwili: maofisa walikuwa wakitoa amri viko mdomoni, wakaviweka chini tu Jenerali Lee alipoingia kukagua. Siku ilikuwa ya joto, askari wakagawiwa ulevi kwa ndoo za kuzimia moto, na anasema hajapata kunywa kinywaji kitamu kama kile. Astaghfirullah, lakini mtu mkweli huyo, hakujipamba. Bendera ilipoangushwa na tufe, sajenti mmoja, William Jasper, aliruka nje ya ukuta katikati ya mizinga, akaiokota, akaifunga kwenye mti wa kusafishia mzinga, akaisimamisha. Rais Rutledge alitaka kumpa cheo cha ofisa, akakataa kwa kuwa hakujua kusoma. Aliuawa vitani Savannah mwaka 1779.

Vijana wakasema, si umeona mzee? Huyo ndiye tunayemtaka. Nikawaambia subirini, hapo hajawa gavana bado. Hapo ni kanali anayevuta kiko nyuma ya gogo.

Nitoe haki yake kabla sijamtoa kasoro. Mji wa Charleston ulipoanguka tarehe 12 Mei 1780, Waingereza wakateka watu wapatao 5,000, na yeye akiwamo, akiwa jenerali sasa. Akiwa mateka, bwana mmoja mkubwa, Lord Charles Montagu, ambaye aliwahi kuwa gavana wa mfalme pale pale, alimwandikia aachane na mambo ya uasi, aende Jamaica akapewe kikosi cha Kiingereza, na heshima yake haitaguswa. Alikataa. Ukumbuke kwamba ndugu yake wa tumbo moja, John Moultrie, alikuwa upande wa mfalme, naibu gavana wa East Florida. Mlango ulikuwa wazi, na kulikuwa na wa kumpokea. Akabaki kifungoni akibishana na Waingereza kuhusu posho ya wafungwa wenzake hadi alipobadilishwa na wafungwa wengine 1782. Kwangu mimi hiyo ni kubwa kuliko ile siku ya magogo. Siku ya magogo ana mizinga na kiko. Huku ana barua mkononi na hakuna anayemwona.

Basi vita vikaisha. Akaingia bunge la jimbo, akawa naibu gavana 1784, akawa gavana 1785 hadi 1787. Huko gavana hakuchaguliwa na wananchi, alichaguliwa na bunge, kwa miaka miwili, na akitoka sharti akae nje miaka minne kabla hajarudi. Naye akakaa nje, akawa seneta wa jimbo, akarudi ugavana 1792 hadi 1794. Wale wanaotulilia kwamba vipindi viwili vya miaka mitano ni vichache wasome hapo mara mbili.

Na sasa ndugu yangu wa Changamwe anisikilize, maana hapa ndipo barua yake inapopwelewa.

Alipokalia kiti mara ya kwanza, adui hakuwa na manowari. Adui alikuwa deni. Vita vilikuwa vimewaacha watu hawana fedha, wadai wanakuja na hati za mahakama, na wadaiwa wengi ni hao hao mashujaa wa jana. Kuna kanali mmoja wa vita vile, Hezekiah Maham, alipoletewa hati za madai na msaidizi wa sherifu, alimlazimisha azitafune azimeze. Azile hati! Ushujaa huo, naam. Askari haogopi, kama alivyosema mwandishi. Sasa gavana atafanyaje, atapiga mzinga? Bunge likaitwa kikao maalumu mwaka 1785, likatoa noti za paundi 100,000, likatunga na sheria ya kumruhusu mdaiwa kumlipa mdai kwa ardhi badala ya fedha. Watu wakawalipa wadai wao kwa mapori ya misonobari yasiyoota hata mtama. Anayedai fedha yake halali anakabidhiwa mchanga. Wengine walisema liliwaokoa wanyonge, wengine walisema ni wizi wenye muhuri, na mimi baada ya kufikiri sana naona ilikuwa vyote viwili. Ila hakuna hata chembe ya ujuzi wa ngomeni iliyosaidia katika hilo.

Katika miaka hiyo hiyo mji mkuu ulihamishwa kutoka Charleston kwenda bara, mji mpya wa Columbia, kwa uamuzi wa 1786, kwa kuwa watu wa bara walichoka kufunga safari kuja pwani kwa kila karatasi. Sisi tuliopata kuwa na mji mkuu tukaupoteza, 1905 ulipokwenda Nairobi, tunajua pwani inasikiaje. Pia kampuni ya kuchimba mfereji wa kuunganisha mto Santee na mto Cooper iliidhinishwa 1786; mfereji ukaja kufunguliwa 1800. Nani aliuchimba? Nitafika huko.

Kipindi cha pili. Mwaka 1793 bunge la jimbo lilimshitaki mwanasheria mkuu wake, Alexander Moultrie, kwa kula fedha za jimbo na kuzitia katika biashara ya ulanguzi wa ardhi za magharibi, na seneti ikamtia hatiani. Alexander Moultrie ni nani? Ni ndugu wa gavana, wa baba mmoja. Simsingizii gavana kwamba alikula naye, na mtu hachagui ndugu. Lakini rafiki yangu wa Changamwe alisema askari haibi. Labda. Na nduguye? Na shemejiye? Na yule kijana anayembebea simu? Hapa kwetu hatujawahi kuibiwa na mtu mmoja, Mhariri.

Mwaka huo huo, mwezi Aprili, akaja balozi mpya wa Ufaransa, Genet, akashukia Charleston badala ya kwenda kujitambulisha kwanza kwa Rais Washington. Gavana akampokea kwa shangwe, na balozi akaanza kuandaa meli za kupora meli za Waingereza, papo hapo bandarini, gavana akitazama na kuridhia. Washington akatangaza kwamba Marekani haimo katika vita vya Ufaransa na Uingereza. Kufika Desemba gavana yule yule akatoa tangazo la kuwakataza watu wake wasijiandikishe katika jeshi la Genet. Jenerali Lee alikwisha kulalamika zamani kwamba Moultrie ni mtu wa kulegeza, kwamba hata daraja la kutokea kisiwani halikukamilika kwa wakati. Ulegevu ule, ngomeni uliwatuliza watu. Ofisini ukawa jambo jingine.

Nilifanya kazi chini ya nahodha wa namna hiyo. Sitaitaja meli wala kampuni. Alikuwa amepigana vita vya majini ujanani na tufani ilipotukuta ghuba ya Biscay alisimama kwenye usukani saa 20, akiimba, na wallahi tulimpenda. Lakini hesabu za stoo zilimkera. Kila nikimletea daftari alilisukuma pembeni akasema mpishi asimsumbue. Kabla hatujafika bandari ya pili mchele ukatuishia. Siku tisa tulikula biskuti kavu na vitunguu, na aliyetukanwa ni mimi. Tufani ilikuwa usiku mmoja. Biskuti siku tisa.

Sasa lile la uchimbaji wa mfereji, ambalo mzee wa kofia ya majani hakuniambia mpaka tulipokuwa tumeketi kaburini. Moultrie alikufa tarehe 27 Septemba 1805, madeni yamemwandama uzeeni, akazikwa shambani kwa mwanawe, na mwaka 1978 mifupa yake ikahamishiwa hapo kisiwani, karibu na ngome yenye jina lake. Tulikuwa tumekaa kivulini. Nikasema, mahali pazuri pa kupumzika. Akanyamaza, akaelekeza kidole upande wa pili, akasema: huku ndiko walikoshushwa wazee wangu.

Kisiwa kile kile, Mhariri. Kabla ya ngome na baada yake, meli za watumwa kutoka Afrika Magharibi zilisimamishwa pale, watu wakafungiwa katika nyumba ya karantini wasilete maradhi mjini, wakitoka hai wanapelekwa mnadani. Inakadiriwa kwamba karibu wanne kati ya kila kumi walioletwa utumwani Amerika Kaskazini waliingilia bandari hiyo. Na yale magogo ya ngome niliyokuja kuyaona? Wengi wa walioyakata na kuyaelesha majini na kuyabeba ni watumwa walioazimwa kutoka mashamba ya jirani. Mfereji wa Santee, watumwa. Mpunga na nili uliomtajirisha Moultrie mwenyewe, watumwa. Mchele ule niliokuwa nikiumwagia maji asubuhi yake, sikuweza tena kuutazama bila kuyafikiri hayo.

Na kwenye ile bendera ya mwezi iliyopepea ngomeni inasemekana palikuwa na neno moja: uhuru.

Tena si kwamba alikuwa tu mtu wa zama zake akafumba macho. Akiwa gavana, Oktoba 1793, wakati watu walikuwa wakiikimbia Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, alitoa tangazo kwamba kila mtu mweusi au chotara aliye huru aliyetokea huko katika mwaka uliopita aondoke jimboni katika siku kumi. Watu huru. Siku kumi. Hiyo ni sahihi yake, kwa kalamu yake, hakuna mzinga uliomlazimisha. Wakubwa wa Charleston waliogopa habari za Haiti zisije zikawafikia watumwa wao, na gavana shujaa akaogopa pamoja nao. Askari haogopi!

Na sisi wa pwani tusijitoe. Mashamba ya nafaka na minazi ya Malindi na Mombasa yalilimwa na nani? Utumwa huku ulifutwa kisheria 1907 tu, na kuna nyumba hapa mtaani ambazo milango yake ya nakshi inapigwa picha na watalii wasiojua ua wa nyuma walilala akina nani. Fort Jesus yetu, Wareno walianza kuijenga 1593, tumeimba mashujaa wake wote, na waliobeba matumbawe hatujui hata mmoja. Ilikuwa jela hadi 1958, ile ngome ya huko nayo iliwahi kuwa jela: Osceola, kiongozi wa Waseminole, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, alikufa mateka humo 1838. Ngome ni ngome.

Mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu kwamba tangu 2008 kuna benchi la chuma jeusi kisiwani pale la kuwakumbuka waliopitishwa. Nilifurahi, nikamfikiria yule mzee. Mwaka ule nilioketi naye hapakuwa na benchi, tulikaa chini kwenye majani.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Changamwe, mimi sisemi asichaguliwe askari. Mwanajeshi mstaafu ni raia kama mpishi mstaafu. Nakuomba tu usiniletee siku yake ya magogo. Niletee alichotia sahihi. Kama amewahi kusimamia zahanati ya kambi, dawa zilikuwapo? Kama amewahi kushika fungu la fedha, daftari lilifungwaje? Alimfukuza nani kwa siku kumi? Na ndugu zake wanafanya kazi gani? Nawe Mhariri, waandishi wako wakienda kuwapiga picha wagombea na medali zao, wasisahau kuuliza hayo, hata kama picha haitapendeza.

Barazani hatujamaliza. Yule kijana wa machungwa anasema nimemwonea Moultrie, kwamba aliyekataa cheo cha Jamaica akiwa kifungoni hawezi kuwa mtu mbaya. Hoja hiyo sikuweza kuipangua, na usiku ule nililala nayo. Mwandishi wa Changamwe akipenda, aje Kibokoni jioni yoyote baada ya magharibi, aulize baraza la mzee mpishi, ataonyeshwa. Kahawa nitalipa mimi. Haluwa alete yeye.

Mpishi wa meli mstaafu,
Kibokoni, Mombasa